Mistari Iliyokata Kona

Asubuhi hiyo Mama Herufi alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa gari la marehemu baba yake, mkono mmoja umeshika mashine ya kukaushia nywele, mwingine ukibandua stika nyekundu iliyokauka kama ganda la kitunguu. Alikuwa akiipasha moto mpaka ilainike, anaingiza ukucha, anavuta, inakatika, anaanza upya. Chini yake rangi ya krimu ilikuwa bado changa, kama ngozi ya kidole iliyoishi chini ya pete.

Jina la Mama Herufi alipewa na majirani. Kazi yake ilikuwa kukata stika: majina ya maduka kwenye vioo, namba za milango, na yale maneno ambayo wenye magari hupenda kuyabandika nyuma ili wanaowafuata wayasome na kuumia. Mtoto hakuwa naye, lakini alikuwa amezaa herufi nyingi kuliko mtu yeyote mtaani, kwa hiyo hakuna aliyeona jina lina kasoro.

Kaka yake mkubwa alikaa mlangoni kwenye stuli, akimtazama kama mtu anayemlinda kinyozi asimkate mwanawe. Gari lilikuwa la milango miwili, la zamani, na baba yao alilipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Tangu mzee afariki lilikuwa mikononi mwa kaka. Sasa kulikuwa na maonyesho ya magari ya zamani yanakuja, na kaka alitaka liingie uwanjani na mistari yake miwili mipya, mmoja kila ubavu, kutoka taa ya nyuma hadi taa ya mbele.

"Inyooke," alisema. "Mzee hakupenda kitu kilichopinda."

"Itanyooka, kaka. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Bado yuko kwa mama mdogo?"

"Aende wapi tena? Yuko huko huko mbali, anavuta hewa safi."

"Simu yake haipatikani."

"Kule mtandao ni wa kubahatisha." Kaka akajikung'uta vumbi ambalo halikuwepo kwenye suruali. "Na kinyongo chake kwako bado hakijaisha. Nimemsihi mpaka nimechoka. Anasema unajua mwenyewe ulichofanya."

Kauli hiyo Mama Herufi alikuwa akiisikia tangu matanga ya baba yao yalipokwisha. Mara ya kwanza alijipekua moyoni, akapata makosa kadhaa ambayo kila moja lingeweza kuwa ndilo, na kwa kuwa hakujua lipi, hakuwa na la kujitetea. Mama akaondoka bila kumuaga. Nyumba ya wazazi ikapangishwa watu wengine, na kaka akasema kodi yake inamfikia mama huko aliko.

Alipuliza maji ya sabuni, akalaza stika mpya, akasukuma mapovu ya hewa mpaka yote yakatokea pembeni. Akavuta uzi kutoka taa hadi taa kuhakikisha. Mstari ulinyooka kama kauli ya mtu mkweli. Kaka akaondoka nao, kioo kimeshushwa, kiwiko nje.

Aliporudi hakusalimia. Mistari ilikuwa imepinda. Ule wa kushoto ulianza vizuri kwenye taa ya nyuma, kisha ukakata kulia, ukazunguka kitu mfano wa duara, ukapanda, ukashuka, ukakata kona mbili za karibu karibu juu ya mlango, ukaishia jirani na taa ya mbele kwa kifundo kinene kama cha kamba. Wa upande wa pili ulikuwa vile vile, ila ulianzia kwenye kifundo na kurudi nyuma.

"Gundi yako ni ya ovyo," alisema kaka.

Seremala wa jirani alikuja na penseli sikioni, akautazama ule ubavu kwa jicho moja kama anavyotazama mbao. "Plastiki ya siku hizi haina msimamo," akasema, akarudi kwenye randa yake.

Mama Herufi akabandua, akabandika nyingine ya aina bora, gari likaondoka limenyooka. Likarudi limepinda, kona zile zile, isipokuwa safari hii palikuwa na kivimbe kidogo katikati, karibu na kitasa.

"Ulipitia sokoni?" aliuliza dada mtu.

Kaka alimgeukia. "Umejuaje?"

"Nimeuliza tu."

Kaka aliinua kopo la gundi akalinusa. Akachukua visu vya dada yake kimoja kimoja, akavikagua makali. "Mimi nawe tumenyonya titi moja," alisema, "lakini kuna watu wanaotumia hiyo nafasi kumroga mtu taratibu. Nitaliacha gari hapa. Nikirudi jioni nilikute sawa." Akasimamisha teksi, akaenda zake kazini.

Mama Herufi alibaki analitazama gari. Lile duara alilijua. Ulikuwa mzunguko wenye chemchemi isiyotoa maji. Zile kona mbili za karibu karibu zilikuwa za barabara ya hospitali, ambayo gari haliruhusiwi kuiingia kwa upande mmoja. Baada ya hapo hakujua. Hakuwa na sababu ya kwenda upande huo wa mji, na kwa kadiri alivyomfahamu kaka yake, naye hakuwa nayo.

Mchana wifi yake alifika. Alikuwa mke wa kaka yule, mwanamke mnene wa maneno machache, na siku hiyo alikuja na yote aliyoyaweka akiba.

"Wifi, nieleze ukweli. Mume wangu ana mtu."

"Mtu gani?"

"Kila wiki ananunua mchele, mafuta ya kula na sabuni ya kufulia. Vitu hivyo nyumbani havifiki. Mwanamume akinunua manukato, unaweza kusema ni ujinga utapita. Akinunua sabuni ya kufulia, hapo pana nyumba."

Mama Herufi aliinuka. Alichukua karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, ile anayotumia kuhamishia herufi, akailaza ubavuni mwa gari, akaufuatisha mstari kwa kalamu mpaka kwenye kifundo. Wifi akaitazama ile karatasi, akatazama gari, akafunga mtandio wake vizuri.

"Huu ubavu ni wa kwenda?" aliuliza.

"Wa kushoto ni wa kwenda. Wa kulia wa kurudi."

"Basi twende. Kurudi tutajua wenyewe."

Dereva wa teksi aliiweka karatasi juu ya usukani na kuigeuza kila alipokata kona. Alisema ni ramani nzuri, haisemi sana. Walizunguka chemchemi kavu, wakapita nyuma ya hospitali, wakashuka mteremko wenye maduka ya mabati, na pale mstari ulipofikia kifundo wakajikuta mbele ya safu ya vyumba vya kupanga, uani mwa ghala. Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba. Wifi alizikagua kwa jicho kali akitafuta gauni la kisichana. Hakuliona. Aliona kanga zilizofubaa, na soksi nene za mtu anayesikia baridi miguuni.

Walibisha mlango wa mwisho. Komeo likavutwa, mlango ukafunguka kiasi cha jicho moja, na jicho lenyewe lilikuwa la mama yao.

"Shikamoo mama," alisema Mama Herufi.

Mama hakuitikia. Alitazama nyuma yao, kulia kisha kushoto. "Wakili wako yuko wapi?"

"Wakili gani, mama?"

"Wa hiyo kesi yako. Ulikwenda kushtaki upewe nyumba baba yako hajakauka kaburini. Kaka yako akaniambia nikionekana nitapandishwa kizimbani nimlaani mwanangu mwenyewe mbele ya hakimu. Nikasema bora nijifiche mpaka ikwishe."

Mama Herufi akashika fremu ya mlango. "Mama, sijamshtaki mtu. Hakuna kesi."

"Aliniambia utasema hivyo."

"Nyumba ina wapangaji. Watoto wao wanachezea uani kwako."

"Na hilo aliniambia utalisema. Nyumba imefungwa, funguo ninazo." Akagonga mfuko wa gauni, zikalia.

"Basi twende kwangu. Sasa hivi, na teksi iko nje. Sina nafasi kubwa, lakini tutalala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu."

Mama alishusha mkono kutoka kwenye komeo. Mama Herufi akadhani mlango utafunguka. "Alisema utakuja na maneno matamu," mama akajibu polepole. "Alisema hapo ndipo nikaze roho."

Wifi akasogea. "Mama, mimi ni mkewe. Hata mimi kanificha. Huyu anasema kweli."

"Basi na wewe umeshanunuliwa."

Kupitia ule upenyo Mama Herufi aliona kitanda cha chuma, jiko dogo la mafuta, na miche ya sabuni ya kufulia imepangwa ukutani kama matofali. Nywele za mama zilikuwa zimekuwa nyeupe zote, na hakuna aliyemwambia.

"Mmepajuaje hapa?" mama aliuliza.

"Mstari wa gari la baba. Umechora njia."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu. Hilo aliliamini bila taabu. "Gari lile halikuwahi kufunga mdomo. Hata baba yenu lilimwaibisha, tena si mara moja." Kisha akawapa maji kwa kikombe kimoja kupitia upenyo, wakanywa kwa zamu, akakipokea, akafunga mlango. Walisikia komeo likirudi kwa ndani.

Ndani ya teksi wifi alilia, akajifuta, akasema, "Afadhali angekuwa mwanamke."

Jioni kaka alikuja kulichukua gari. Mistari ilikuwa haijaguswa.

"Nimekwenda kwa mama," alisema Mama Herufi.

"Najua. Nimetoka huko sasa hivi. Umemtisha, hajala." Kaka aliongea bila hasira, akifuta kioo cha pembeni kwa leso. "Sikiliza, mdogo wangu. Kule ana amani. Nyumba inalipa ada za wanangu, na wanangu ni wako pia. Ukirudi kule, nitamhamisha. Na safari hiyo nitapanda naye basi, si gari hili."

Mama Herufi alikuwa ameshika kisu cha kukatia. Alikitazama, akakiweka mezani. Alijua mama angeufunga mzigo wake mwenyewe na kupanda basi hilo kwa hiari, akijificha dirishani asionekane na bintiye.

"Sasa hii mistari," kaka akaendelea. "Maonyesho yamekaribia, na mimi siwezi kuacha kwenda kule. Usihangaike kuinyoosha. Ikate hivi hivi ilivyopinda, kona zote, kama mtindo. Ikishapinda yenyewe haitakuwa na pa kupindia tena."

Aliikata. Mistari ikatulia, haikusogea hata upana wa ukucha.

Uwanjani waamuzi waliinama mbele ya ule ubavu, mmoja akasema ina mwendo hata gari likiwa limesimama, na kaka akapewa kikombe. Wifi alikuwepo, amevaa vizuri. Hakuwa amemwambia mumewe neno. Alichofanya ni kuanza kuongeza sukari na majani ya chai kwenye ule mfuko wa kila wiki, na mumewe akawa anaubeba bila kuuliza.

Baada ya maonyesho watu wakaanza kuja. Mwenye teksi alitaka mtindo wa kona. Fundi bomba akautaka kwenye pikapu yake, shule ya udereva ikautaka kwa rangi ya buluu. Mama Herufi alikuwa ameshauhifadhi mchoro kwenye mashine, kazi yake ikawa kubonyeza na kungoja. Kufikia mwisho wa mwezi barabara zilijaa magari yaliyobeba ubavuni njia ya kwenda kwa mama yake, chemchemi, hospitali, mteremko na yote, na kila moja lilikwenda kwenye shughuli zake.

Siku moja akaja dereva wa gari la mkate. Aliusifu mstari, akaufuata kwa kidole mpaka mwisho.

"Na hapa pana nini?"

"Hapo ndipo gari liliposimama."

"Hiki kifundo kinaharibu. Nitolee."

Mama Herufi alimtazama usoni, asijue kama mtu huyu ametumwa na kaka yake au ni mteja tu. Alionekana mteja. Akaweka rula, akakikata kifundo. Dereva akashukuru, akawasha gari, akageuza kuelekea kiwandani.