Bahasha za Haradali

Mkwe wangu anauza dawa dukani karibu na stendi, na kazi yake anaijua. Ndiyo maana daktari aliposema presha ya mume wangu imepanda, ameze tembe, apunguze chumvi na azidishe mboga, hatukuhangaika na mambo ya mapishi. Ya nini, na nyumba ina mtaalamu?

Mkwe akachemsha kabichi dakika ishirini, bila chumvi, bila hata kitunguu. Ilitoka sufuriani imechoka kama soksi iliyofuliwa miaka kumi. Mume wangu aliitazama, akaitakia safari njema, akaisukuma pembeni ya sahani. Wiki tatu aliishi kwa chai na ubishi. Alipungua kilo nne.

"Ijumaa ijayo nikikuta umepungua tena, mzee, nakulaza," daktari akamwambia.

Mume wangu hajawahi kulala mbali na kitanda chetu ila kwa misiba. Alirudi nyumbani kimya, na mimi kimya chake nakiogopa kuliko presha.

Mkwe naye hakukaa bure. Alisoma mahali kwamba kabichi ikipikwa hupoteza sehemu ya faida zake, na kwamba unga wa haradali ukinyunyizwa juu yake ikishaiva huirudisha. Jumatatu asubuhi nilimkuta mezani, hata chai hajanywa, anachanganya haradali na pilipili manga, anapima kwa kijiko kidogo na kutia kwenye bahasha za vidonge za dukani kwake. Juu ya kila moja aliandika BABA kwa herufi kubwa kama za bango, kwa sababu mzee huyu haoni vizuri, na miwani huvaa anapotaka kugomba tu. Herufi zile nimeziweka moyoni. Wapo wenzangu wanaoandikiwa na wakwe zao lawama tupu.

"Mama, kila mlo bahasha moja," alisema, akikimbilia basi.

Chini ya jina, bahasha zilikuwa zimepigwa chapa tangu zamani: KUTWA MARA MBILI, BAADA YA CHAKULA, KWA MAJI MENGI.

Mume wangu hamtii mtu duniani, lakini bahasha ya dawa huitii. Na mimi ni nani nibishane na karatasi iliyopigwa chapa? Siku mbili nilimpelekea glasi ya maji kwa heshima zote, akaubugia ule unga, akapiga chafya mpaka paka akahamia kwa jirani. Kabichi ikabaki sahanini, salama salimini.

Jumatano jioni mkwe aliwahi kurudi.

"Baba, haradali inaendaje?"

"Kali, mwanangu! Inapasua kifua. Bila shaka inafanya kazi."

Hapo hapo akamimina bahasha nzima mdomoni na kushushia maji. Machozi yakamtoka.

Mkwe akashika kichwa. "Baba! Hiyo ni ya kunyunyiza kwenye kabichi!"

"Imeandikwa baada ya chakula."

"Chakula chenyewe hujala!"

"Nile nini? Hili shuka la hospitali? Si afadhali nikalazwe, nilione likiwa kitandani!"

Nilitaka kucheka, lakini nikamwona mkwe amekaa chini, mkoba wa kazini ungali begani.

"Mimi sitaki ulazwe, baba. Sijui kupika. Najua kupima tu."

Mzee akaivuta sahani yake taratibu, kama mtu anayesogeza kiti karibu na mgonjwa.

"Haya, lete bahasha nyingine. Mama watoto, na wewe usimame tu hapo kama nguzo?"

Nikaipasha kabichi kwa mafuta kidogo na kitunguu saumu, nikakamulia limau. Mkwe akanyunyiza haradali kwa mkono wake, safari hii bila kijiko. Mzee akaonja. Akaonja tena.

"Kumbe hiki ndicho mlichokuwa mnanificha?"

Akafuta sahani, kisha akaniomba sufuria.

Ijumaa mzani ulionyesha nusu kilo imerudi. Daktari alizisifu sana tembe zake. Mume wangu akamshukuru kwa adabu zote, bahasha ya haradali ikiwa mfukoni, kwa sababu alisikia pale hospitali kuna kantini inayouza kabichi.

Siku hizi kabichi yetu huiva kwa dakika nne. Mkwe bado anafunga haradali kwenye bahasha zile zile, ila maandishi ya chapa ameyakata kwa kalamu. Juu yake ameandika, kwa herufi za bango: NYUNYIZA, BABA. TAFUNA.

Miwani sasa mzee anaivaa mezani.