Sura ya Mjomba

Baba mdogo hasomi anachokijalidi. Tasnifu zinaingia dukani kwake zikiwa rundo la karatasi, zinatoka na jalada jeusi na maandishi ya dhahabu mgongoni, na kilichomo ndani hakimhusu. Anasema angesoma kila kinachopita mezani kwake angekuwa na digrii thelathini na asingekuwa na mteja hata mmoja.

Yangu aliisoma. Nilimpelekea nakala tatu Alhamisi asubuhi. Akazigongagonga mezani zilingane, akatoboa, akapitisha uzi, akapaka gundi na kuzibana katikati ya mbao mbili. Gundi ile hukauka kwa muda wa saa tatu. Nakala ya nne ilikuwa yangu mwenyewe, si ya kujalidiwa. Akavaa miwani, akaichukua.

Mimi nilikaa kwenye stuli nikiitazama saa ya ukutani kama inanidai. Tasnifu ilitakiwa ofisini Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Idara yetu, ambayo jina lake refu ni Fasihi, Tamaduni na Vyombo vya Habari vya Asia, na ambayo wanafunzi wengine wanaiita "kule juu kwa Wachina", ilikuwa na nafasi moja ya mhadhiri msaidizi. Tulioitaka tulikuwa wawili: mimi, na mwenzangu tuliyempa jina la Kamusi kwa sababu haulizwi kitu akasema sijui. Kamusi alikuwa amekabidhi ya kwake tangu Jumatatu, lakini alama zangu za darasani zilizidi zake. Nikikabidhi kwa wakati, kazi yangu. Nikichelewa, yake. Mambo yalikuwa wazi hivyo.

"Mwanangu," Baba mdogo akasema, "huyu mjomba wako ana walakini."

Nilidhani amekuta kosa la chapa. "Walakini gani?"

"Hajamlilia dada yake."

Tasnifu yangu ya uzamili, niliyoiandika kwa Kiswahili, ilihusu riwaya moja ya Kichina. Mtoto wa kike anafiwa na wazazi wote wawili kwa mkupuo, halafu katika sura ya tisa anatokea mwanamume mwenye kibegi kimoja, anamchukua na kumlea mpaka anakuwa mtu mzima. Sura yangu ya tatu, yenye kurasa arobaini na moja, ilikuwa inaitwa "Mamlaka ya Mjomba". Niliipenda kuliko zote. Niliwahi kuisoma kwenye kongamano, watu wakapiga makofi.

"Mjomba ni kaka wa mama, au mmebadilisha huko chuoni?" akaendelea. "Humu umenukuu maneno yake kurasa nzima nzima. Anamsema baba wa mtoto: walivyofanya kazi pamoja, walivyogombana, walivyopatana. Viatu vya marehemu anavivaa yeye. Sawa. Lakini mama wa mtoto hamtaji hata kwa bahati mbaya. Dada wa mtu kafa, naye kimya? Mjomba wa wapi huyo?"

"Ni mila zao, Baba mdogo."

"Mila ya kutomlilia dada?"

Nilikasirika, tena sana. Miaka mitatu nimemeza herufi mpaka nikawa naziona kwenye nyufa za ukuta, halafu mtu wa gundi na uzi ananisahihisha! Nikamweleza kwa sauti ya mhadhiri, kazi ambayo hata sikuwa nimeipata. Mtoto ana jina la ukoo wa baba yake. Mwanamume huyu ana jina la ukoo mwingine. Hawezi kuwa ndugu wa baba, kwa hiyo ni wa upande wa mama. Hoja hiyo nilikuwa nimeiweka kwenye tanbihi, na tanbihi ile nilikuwa naionea fahari.

"Haya," akasema. "Na mtoto anamwitaje, kwa hicho Kichina?"

Sikujua. Sura nane za mwanzo nilizisoma kwa Kichina, neno kwa neno. Kuanzia ya tisa, muda uliponibana, nilihamia kwenye tafsiri ya Kiingereza, na huko mwanamume huyo ni anko, nami nikamwandika mjomba. Kiingereza kina anko mmoja anayefanya kazi zote. Na katika utangulizi nilikuwa nimeandika, bila kupepesa macho, kwamba riwaya nzima nimeisoma katika lugha yake ya asili.

Nikatoa kitabu kwenye begi. Sura ya tisa, ukurasa wa kwanza, mstari wa nne: shushu.

Kaka wa mama ni jiujiu. Shushu ni mdogo wake baba. Hilo tulifundishwa mwaka wa kwanza, wiki ya pili, na darasa zima lilicheka kwa raha, maana kwa mara ya kwanza Kichina kilitupa kitu tulichokuwa nacho nyumbani: baba mkubwa ana neno lake, baba mdogo lake, mjomba lake. Isitoshe, shushu huitwa pia mwanamume yeyote wa rika la baba, hata kama damu haiwaunganishi. Rafiki wa baba. Mwenzake wa kazini. Nikarudi kwenye viatu, kwenye jina la ukoo, kwenye kilio chote kile cha kumlilia baba peke yake, na kila kitu kikakaa mahali pake. Tanbihi yangu ikawa takataka.

"Si mjomba," nikasema. "Alikuwa rafiki wa baba yake. Mtoto anamwita baba mdogo."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Sikuweza kumtazama. Yeye na baba yangu hawakuzaliwa tumbo moja wala ukoo mmoja. Walikutana kiwandani, baba kwenye mashine ya kuchapa, yeye kwenye meza ya kukunja karatasi. Nilipofiwa na wazazi nikiwa na miaka sita, ndugu wa damu walikuwa bado wanajadiliana nani ana chumba cha ziada, yeye akanishika mkono tukaondoka. Nimemwita baba mdogo kila siku tangu siku ile, mpaka nikasahau kwamba neno hilo lina habari ndani yake. Nilikuwa nimeandika kurasa arobaini na moja juu ya mtu kama yeye na sikumtambua. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nikampigia simu mwalimu wangu msimamizi, nikamwambia yote.

"Wewe si uliniambia umesoma asilia?"

"Nilidanganya, Mwalimu. Nusu."

"Nusu ya uongo ndiyo nini? Sikiliza. Watahini wawili hawajui Kichina. Wa tatu anakijua, ila ni mvivu. Na saini yangu umeshaipata. Nakwambia usije ukasema nilikuficha. Amua mwenyewe." Akakata simu.

Duka ni dogo, Baba mdogo alikuwa amesikia kila neno.

"Kabidhi kesho," akasema. "Utarekebisha ukishaajiriwa. Nani atajua?"

"Wewe unajua."

"Mimi ningefunga domo langu! Nimekuharibia. Miaka yote sisomi kazi za watu, leo nasoma, nakuharibia."

Akaanza kuzikaza mbao zilizokwisha kukazwa. Nikamwomba afungue mbao.

"Gundi haijashika bado."

"Ndiyo maana nataka ufungue sasa. Baba mdogo, siwezi kupata kazi kwa kitabu ambacho ndani yake nimekukana."

"Mimi simo humo."

"Umo."

Akalegeza mbao, akachukua kisu, akakata uzi wa nakala ya kwanza, ya pili na ya tatu, taratibu, bila kuchana karatasi hata moja.

Ijumaa saa tano nilikuwa ofisini kuomba miezi sita. Nje mlangoni nilipishana na Kamusi, nikampa mkono na kumpongeza, na nikiri kwamba iliniuma. Karani wa usajili akanipa fomu. Chini ya maneno "Sababu ya kuomba muda" palikuwa na mstari mmoja tu, hapatoshi kueleza habari za shushu na anko. Nikaandika: Nilimwita baba mdogo mjomba.

Karani akasoma, akanitazama, akasoma tena.

"Dada, hapa kuna mhuri wa masomo na mhuri wa familia. Nikupigie upi?"

Nikafungua mdomo nimweleze, lakini nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu wanne.

"Wa familia ni kwa ndugu wa karibu tu," akasema. "Huyu baba mdogo ni wa karibu?"

"Ndiye niliye naye," nikasema.

Akapiga mhuri wa familia.