Bamba la Juu

…na huyo ndiye anayeliliwa, huyo, babu wa miaka sabini na mmoja aliyejifunga ndani ya suruali ya ngozi mpaka tumbo limetafuta njia ya kutokea juu ya mkanda, amesimama ukingoni mwa jukwaa amewanyooshea watu mikrofoni, imbeni, imbeni nyinyi wangu, na ukumbi mzima umeinuka, viti vinajikunja ta-ta-ta safu kwa safu, watu mia nane wanaimba saa kumi ya alasiri kana kwamba hawana makwao, na mke wa fundi, mke wa ndoa, mama wa wanawe watatu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka katika safu yao, analia, machozi yanamtiririka wala hayafuti, na fundi amebaki kitini peke yake amepakata mkoba wa mkewe na sweta ya mkewe, shamba la migongo mbele yake, na anajua jambo ambalo hakuna mwingine humu ndani anayelijua, kwamba Radi hawapi watu wimbo kwa ukarimu, ukarimu gani, anawapa kwa sababu bamba la juu linamwachia. Meno bandia yale. Yote ya juu, kumi na manne, na fundi hakuhitaji hata dakika tano kuyatambua, miaka thelathini na minne anatengeneza meno ya watu, akiingia mtu karakana hajamtazama macho keshamtazama mdomo, na huyu tangu wimbo wa kwanza alipotamka “safari” ile sauti ya s ikatoka na filimbi ndani yake, fundi akajisemea moyoni, ahaa… kumbe. Bamba la zamani hilo, fizi zimesinyaa bamba halijasinyaa, na meno yenyewe ya rangi ya kwanza kabisa kwenye kibao cha rangi, meupe pe, meupe ya sahani, rangi ambayo yeye huwakataza hata wateja wa miaka thelathini, anawaambia mkichagua hii mtacheka peke yenu. Na ona anavyoimba, ulimi kaukandamiza juu kwenye kaakaa, mdomo wa juu kauvuta chini, watu wanasema hisia, ona hisia zile, jamani, si hisia, ni mtu anashikilia meno yake yasidondoke… “Radi! Nioe!” mwanamke wa safu ya nyuma anapiga kelele, naye sauti yake ni ya bibi mwenye wajukuu, na wenzake wanacheka wanampiga mgongoni, “Umeshaolewa wewe!” “Ataniacha leo leo!” na hicho ndicho kinachomkera fundi, kwamba wenzake wote wanafanya mzaha na mkewe hafanyi mzaha, mkewe analia kwelikweli huku anaimba.

Binti yao ndiye aliyeleta tiketi, kifungua mimba, akasema baba mpeleke mama, wanapita mji huu siku mbili tu wanaondoka, mama atafurahi, na yeye akasema sawa, mchezo wa kuigiza wenye nyimbo za roki, kitu gani hicho, mtu atakaa saa mbili na nusu atasinzia atarudi nyumbani, hakuna aliyemwambia kwamba ni yule. Yule! Wa kwenye picha ya nyuma ya mlango. Alipokwenda kwao mkewe kujitambulisha, yeye na ami yake, wamekaa sebuleni wanasubiri, upepo ukasukuma mlango wa chumba cha ndani na huko nyuma ya mlango yuko kijana wa kimo cha mtu mzima, ana gitaa, kifua wazi, nywele mpaka mabegani, na mwanya, mwanya mzuri sana mbele, meno yake mwenyewe ya kuzaliwa nayo, na ami yake akakohoa, na shangazi wa bibi harusi mtarajiwa akainuka akaufunga ule mlango bila neno… na fundi, wakati huo hata si fundi, mwanagenzi tu wa kukoroga plasta, alikaa pale anajitazama viatu. Tangu siku ile. Mtu akikuambia wivu ni wa ujana umkatalie, yeye ana miaka hamsini na tisa na hapa alipo roho inamwaka moto mpaka kwenye masikio, na swali lenyewe ni moja tu na limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, halipandi halishuki, je, miaka thelathini na mmoja nimeishi na mke wangu, au nimemtunzia mtu wake?

Maana yeye hajawahi kuliliwa hivyo. Alipopasuliwa tumbo mkewe alikuwa mkavu, anajaza fomu, anamwuliza daktari maswali kwa mpangilio kama mwalimu mkuu, na aliporudi kutoka mafunzoni baada ya miezi sita ughaibuni mkewe alimtazama mlangoni akasema “Umekonda,” akaenda kupasha chakula moto, basi, umekonda, hayo ndiyo machozi yake, na huyu mzee anayepigiwa makofi kwa kupanda pikipiki isiyokwenda popote… maana hiyo nayo, hiyo nayo si ya kuficha, pikipiki imefungwa kwa nati sakafuni, nyuma yake picha ya barabara inakimbia, moshi unapulizwa kutoka kwenye mashine, na Radi eti ni kijana wa miaka ishirini na mbili anayetoroka usiku wa kuamkia harusi yake, mguu haupandi, wacheza ngoma wawili wakaja wakauinua kwa madaha kana kwamba ni mtindo, mmoja akashika goti mmoja kisigino, hop, na ukumbi ukalipuka. Wasichana watatu wa safu ya mbele walioingia wakicheka, simu mkononi, walirekodi ule mguu wapate cha kuchekea, na sasa waone, simu zimeshuka, mmoja kaweka mkono mdomoni. Na yule bwana wa pembeni mwenye jaketi la ngozi lisilofunga tena kifuani, amefumba macho, anaimba kwa koo lote, “usinisubiri mlangoni, barabara imeniita,” anaimba vibaya, hata fundi asiyejua kuimba anasikia kwamba ni vibaya, lakini maneno anayo, kila neno, wote wanayo, kiitikio cha pili hiki, cha tatu, na Radi hajairudisha mikrofoni mdomoni, anatikisa kichwa, anatabasamu mdomo umefungwa. Ujana ni moshi, wahenga walimaliza. Basi imba. Si unapigiwa makofi, imba sasa. Iko ile sauti ndefu mwishoni, wote wanaingoja, ile “nifungulieee” ya kupanda mpaka juu ambayo hata fundi anaijua japo maneno mengine hayajui, na ile huwezi kuiimba na ulimi juu, lazima ulimi ulale, kinywa kifunguke chote, na ulimi ukilala tu hewa itaingia kwa nyuma na bamba litakuja chini, kwaa, mbele ya watu mia nane, mbele ya mmoja… Mungu nisamehe, na lidondoke. Lidondoke liviringike mpaka kwenye ngoma. Amwone. Baada ya miaka yote hii mkewe amwone alivyo, fizi tupu, mashavu yameingia ndani, babu kama babu wengine wanaokuja karakana wamefunga meno yao kwenye leso, na amgeukie mwanamume aliyekaa hapa na mkoba wake mapajani, mwanamume mwenye meno yake mwenyewe thelathini na moja, na amwone na huyu. Akasogea mbele kitini. Hakupepesa jicho.

Na hapo mkewe akainama. Kelele ni nyingi, ameshika bega lake, mdomo sikioni, na fundi akajua atasema ninyanyue nimwone, au atasema unaona, au atasema neno la ajabu ambalo mtu halisahau mpaka kaburini, akasikia nusu yake tu, “…juu limeachia.” Nini? “Bamba,” mkewe anasema kwa nguvu zaidi, “bamba la juu limeachia, Fundi, upande wa kushoto, hewa inaingia kwa nyuma. Hatafika. Maskini, akifungua mdomo hatafika.” Na machozi yale yale. Fundi akamtazama kama mtu aliyesalimiwa kwa jina lake katika mji asioujua. “Na mwanya wake wameuziba,” mkewe anasema, “wewe usingeuziba.” La, yeye asingeuziba, kweli, mwanya wa mtu ni mali yake, hilo huwaambia wanagenzi kila mwaka, lakini… “Umejuaje wewe mambo ya hewa?” akauliza, akalazimika kuuliza mara mbili, na mkewe akacheka katikati ya kulia, “Si ile kanda yako.”

Kanda gani. Kanda… keshaijua. Mwaka wa pili wa ndoa. Kanda ya Radi aliyokuja nayo mkewe kwenye sanduku, ameiimba akifua, ameiimba akipika, mpaka fundi akawa akiingia mlangoni anapokewa na mwanamume mwingine, na siku moja mwalimu wao wa chuo alikuja karakana kutoa somo, namna ya kulifanya bamba lishike kaakaa, na fundi alihitaji kanda ya kurekodia, na kanda tupu zilikuwapo, zilikuwapo mbili kabatini, alizisogeza pembeni akachukua ile. Jioni akasema samahani mama, nimekosea kanda. Mkewe akasema haya. Haya tu. “Mwishoni kulibaki kipande,” mkewe anasema sikioni, pumzi yake ina joto, “somo liliisha, wimbo ukabaki kidogo, huu huu, pale anaporudi. Na ile redio si kitufe cha kupeleka mbele kilikuwa kimekufa? Ikawa mpaka nimsikilize mwalimu wako wote ndipo nifike.” Dakika arobaini. Kila alipopiga pasi. Na yeye, ee Mola, yeye aliisikia sauti ya mwalimu ikitoka chumbani, hewa, mate, kaakaa, kingo za bamba, akasimama sebuleni kifua kimemjaa, akaenda karakana akawatambia wenzake, nyinyi wake zenu wanasikiliza nini, mke wangu anasikiliza somo la kazi yangu, mke wangu ananipenda mpaka plasta… alitembea na hilo miaka, alilipandisha kichwani kama kilemba. Kumbe mkewe alikuwa anasubiri wimbo. “Nilikosea,” akasema, sijui kwa nini akasema, uongo wa miaka ishirini na tisa ulijua njia yake wenyewe, na mkewe akamfinya bega, si kwa nguvu, “Kanda ya dukani hairekodi mpaka uzibe kitundu chake cha mgongoni, Fundi. Nilikuta umekiziba kwa nta. Nta yako ile ya rangi ya waridi, na umeilainisha vizuri kabisa, hata ukingo hauonekani.” Akajiinua. Akarudi kwenye kuimba. Za mwizi arobaini, na zake zilikuwa elfu kumi na ushee, na kila siku katika hizo mwanamke huyu alijua, alijua akimwekea chai, alijua akijaza zile fomu za hospitali na jicho kavu, alijua aliposema umekonda.

Kiitikio cha tano sasa, wapigaji wanatazamana, ngoma inazunguka pale pale maana mzee hajatoa ishara, mikrofoni bado imewaelekea watu, mkono unaanza kumshuka, na fundi anagundua ulimi wake mwenyewe umebana juu kwenye kaakaa, kwa nguvu mpaka taya zinauma, anamshikia, tangu lini anamshikia, shika babu, shika hivyo hivyo, usiuachie… maana likidondoka sasa atakayelia ni nani. Hana jambo na Radi tena. Wivu upo, haujaenda popote, unamla vile vile, ila umehama mtu, anamwonea wivu mwalimu marehemu aliyekaa na mkewe dakika arobaini kando ya meza ya pasi wakati mume yuko nje amevimba kichwa, anamwonea wivu bwana wa jaketi lisilofunga, na bibi wa nioe, na wale wasichana watatu ambao wameyashika maneno leo leo na wanayaimba, watu mia nane wanaimba na mke wake na yeye peke yake hajui kinachofuata baada ya “barabara imeniita.” Wimbo ulikuwa ndani ya nyumba yake. Angeingia tu chumbani akaketi. Mkewe amejifunza hewa na mate na kingo za bamba bila kuombwa, na yeye kwa miaka thelathini na mmoja hajajifunza mistari minne.

Akauweka mkoba chini. Sweta pia. Akasimama, kiti kikajikunja nyuma yake, ta, na mkewe hakugeuka, anatazama mbele, na kiitikio kikaanza tena, cha sita, sauti za watu zinapanda kwenda kule kwenye sauti ndefu, na fundi akaufungua mdomo, hakuna kitu, akautazama mdomo wa mkewe, kwa mara ya kwanza asiangalie meno, anaangalia linalotoka, “nikirudi…” mdomo wa mkewe unasema, na yeye anasema nikirudi, amechelewa, mkewe keshafika “nina mvi,” naye anasema nina mvi, amechelewa, neno moja nyuma, kila mara neno moja nyuma, anauchungulia ule mdomo kama mtoto anayefundishwa sala, na jukwaani mzee bado amewanyooshea mikrofoni.