Leseni ya Kupita Langoni

Mzee alikuwa nahodha wa boti za abiria ziwani maisha yake yote, na sasa alikuwa anasahau. Alianza na vitu vidogo, miwani, kofia, jina la jirani. Baadaye akasahau kwamba mkewe amefariki, na kila alipoambiwa alilia upya, mpaka bintiye akaacha kumwambia. Binti huyo alikuwa mshonaji wa nguo na mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata baba yake alimwita hivyo siku ambazo jina lake lilimponyoka.

Mtu mmoja tu hakumtoka mzee kichwani, dada yake.

"Nipeleke kwa dada," alisema akiamka. "Nipeleke kwa dada," alisema akinawa mikono.

Shangazi aliishi juu mtoni, na tangu avunjike nyonga hakuweza kusafiri. Fundi alijaribu kumpeleka baba kwa gari. Hawakufika mbali, mzee akaanza kupigana na mlango akipiga kelele kwamba ametekwa. Lakini ndani ya boti alikuwa mtu mwingine. Mikono ilijua kamba, macho yalijua maji, na moyo ulitulia. Basi Fundi akawaomba radhi wateja wake, akafunga cherehani, akaitoa boti yao ya zamani yenye kijumba, kitanda na jiko dogo la gesi. Wakavuka ziwa salama salimini hadi mdomo wa mto, kwenye lango la kwanza la maji.

Lango hilo ni kama chumba kikubwa kisicho na paa. Boti zinaingia, mlango unafungwa, maji yanajazwa, na boti zinapanda mpaka usawa wa juu. Kando yake palikuwa na ofisi ndogo, na ndani yake mkaguzi, mwanamume mrefu mwenye shati lililopauka na kalamu nyuma ya sikio.

"Dada, cheti hiki ni cha ziwani," alisema akimrudishia Fundi karatasi. "Huku mtoni hakitoshi. Mgeni tunampa leseni ya muda mfupi, lakini kwanza chombo kipate cheti cha usalama cha huku. Usijali, nakikagua mimi mwenyewe."

"Kaka yangu, boti hii imezunguka ziwa zima na haijawahi kuingiza hata tone."

"Sibishi. Ila ziwani ukiungua unaungua peke yako. Humu langoni boti zinapangwa ubavu kwa ubavu, ukuta huku na ukuta huku. Pa kukimbilia hakuna."

Akashika tochi, akaingia botini. Alipiga magoti, akachungulia chini ya mashine, akavuta nyaya za betri, akatazama mshale wa kizimamoto, ambao ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Kisha akainua godoro la mzee. Chini yake ulikaa mtungi wa gesi, na mpira wake ulikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima.

Mzee alitokea nyuma yao akifuta mikono kwa kitambaa. Alipomwona mkaguzi, uso ukachanua.

"Mkwe! Umechelewa. Chakula kimeshapoa."

Fundi angekuwa nchi kavu angetamani ardhi ipasuke immeze. Hapa aliishia kutazama maji. Mumewe aliondoka zamani, na hata alipokuwepo, mzee hakumpenda hata kidogo.

Mkaguzi alimtazama binti, akamtazama mzee, akaelewa.

"Shikamoo, mzee. Unisamehe, kazi zilinibana."

"Marahaba. Kazi, kazi. Kaa basi."

Walipotoka nje, sauti ya mkaguzi ilishuka. "Siwezi kukupa leseni, dada. Kizimamoto kimekwisha, mpira umechoka. Na mtungi hauwezi kukaa ndani. Gesi ikivuja inashuka chini na kujikusanya, unawasha kiberiti asubuhi, basi. Utoke nje, ukae kwenye sanduku lenye tundu chini, ili gesi imwagike mtoni."

"Leo baba anamkumbuka dada yake," Fundi alisema. "Kesho sijui."

Mkaguzi alizima tochi. "Ndiyo maana sitaki alale juu ya mtungi."

Fundi aliondoka amevimba kwa hasira. Amtoe wapi mtu wa kukaa na mzee wakati yeye anahangaika madukani? Ukimwacha dakika chache anatembea akapotea. Ukimchukua, kila duka ni ugomvi. Nahodha mmoja wa boti ya mizigo, aliyekuwa kwenye foleni, alimwona akijifuta macho.

"Mama, mkaguzi akienda kula, jibane ubavuni kwangu tuingie pamoja. Nani atajua?"

Kishawishi kilikuwa kitamu. Mkaguzi alipoonekana akivuka barabara, boti ya mizigo ikaanza kunguruma, na Fundi akawasha mashine. Alikuwa anafungua kamba ya nyuma aliposikia mashine imezimika. Mzee alikuwa amesimama kwenye usukani, ufunguo mkononi.

"Leseni tunayo?"

"Tunayo, baba."

"Nionyeshe."

Mzee alimtazama, na kwa dakika ile hakuwa mgonjwa wala mzee. Alikuwa nahodha.

"Sijawahi kubeba abiria bila karatasi, na sianzi leo nikiwa nimembeba mwanangu."

Alimwita mwanangu. Fundi alicheka, kicheko kikageuka kilio, na baba akampapasa mgongo bila kujua analilia nini.

Hivyo ndivyo mkaguzi alivyowakuta aliporudi. Hakuuliza kwa nini kamba ya nyuma imefunguliwa. Aliifunga tu.

"Zamu yangu imekwisha," alisema. "Siruhusiwi kukaza hata skrubu ya boti hii, maana kesho nitaikagua mwenyewe. Lakini hakuna sheria inayonizuia kukaa na mzee wangu tukapiga soga. Duka la vifaa lipo nyuma ya ofisi. Nenda, usiwe na haraka."

Fundi alikwenda. Kutembea bila kugeuka nyuma kila hatua kulimshangaza, kama mtu aliyetua mzigo kichwani na shingo bado inaona upo. Alirudi na mpira mpya, vibanio, kizimamoto na mbao, akajifunga leso kiunoni, akaanza kutengeneza sanduku nyuma ya boti. Mikono iliyozoea kupima kiuno na bega ilipima mbao vilevile. Alikuwa akitoboa tundu la chini aliposikia sauti ya baba kutoka kijumbani.

"Mkwe, nilikutolea maneno mabaya siku ile."

"Yamepita, mzee. Nimeshayasahau."

"Mimi ndiye wa kusahau hapa, si wewe." Wakacheka wote wawili. Kisha mzee akauliza polepole, "Utamtunza binti yangu?"

Fundi aliacha kutoboa. Hakutaka mtu yule aseme uongo, na hakutaka aseme kweli.

"Mzee," mkaguzi alisema, "sitamruhusu apite hapa mpaka niwe na uhakika chombo chake hakimdhuru."

Mzee alifikiri. "Hilo ni la kuanzia," akasema.

Kesho yake mkaguzi alikuja na sura ya kazi, kana kwamba hajawahi kunywa chai botini humo. Alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi akatazama kama linatoa mapovu. Kiungo kimoja kilitoa kapovu kadogo, akamwambia Fundi akaze kibanio, akapaka tena. Aligonga sanduku, akaingiza kidole kwenye tundu.

"Nani amelitengeneza?"

"Mimi."

"Limekaa mwilini kama gauni," alisema, kisha akaona haya. Akapiga muhuri, akabandika leseni kwenye kioo, akashika kamba mwenyewe wakati maji yanapanda. Mzee alimpungia mkono mpaka lango lilipofunguka.

Juu mtoni, shangazi aliwasubiri gatini kwenye kiti cha magurudumu, ameletwa na majirani. Fundi alikuwa amejiandaa kwa lolote, hata kwa baba kuuliza huyu bibi ni nani. Mzee alishuka, akasimama mbele ya kiti, akatazama.

"Mbona umezeeka hivi?" alisema.

"Wewe je? Kwenu vioo vimevunjika?"

Mzee akachuchumaa kwa shida, akaweka kichwa kwenye mapaja ya dada yake, na dada akakivua kofia, akaanza kukikuna taratibu, akimuuliza kama amekula, kama maji yalikuwa matulivu, kama bado anakoroma. Mzee alijibu yote. Mengine aliyakosea, na shangazi hakumsahihisha.

Baadaye shangazi aliinua macho. "Mwanangu, nenda kalale. Leo huyu ni wangu."

Fundi alitaka kukataa. Badala yake aliingia kwenye chumba alichoonyeshwa, akajilaza na viatu vyake, na alikuwa bado anasikia sauti zao nje zikibishana kuhusu nani aliwahi kutambaa kwanza, usingizi ulipomchukua.