Picha ya Wanachama wa Miaka Hamsini

Ewald Schimanek alivaa suti yake ya mazishi kwenda mkutanoni, maana hakuwa na nyingine. Mara ya mwisho aliivaa siku alipomzika mkewe Irmgard, na mfukoni mlikuwa bado na leso ya siku ile. Aliiacha humohumo, akajitupia shingoni skafu nyekundu na nyeupe ya klabu, akafunga mlango.

Siku hiyo wanachama wa klabu ya mpira ya Hüllbeck walikuwa wakipiga kura. Mwenyekiti wao, Daktari Wiehoff, alitaka timu ifanywe kampuni, na karibu nusu ya kampuni hiyo wauziwe matajiri wa Luksemburgi. Sheria ya mpira wa Ujerumani haimpi tajiri kura nyingi kuliko wanachama, hilo hata watoto walilijua. Lakini Ewald, aliyeacha shule mapema akaingia mgodini, alijua kwamba wakubwa huipita sheria bila kuivunja. Walipoufunga mgodi walifuata sheria. Hospitali ilipomrudisha Irmgard nyumbani na kifua chake kile, ilifuata sheria.

Irmgard naye alikuwa amesema neno lake kitandani, sauti ikiwa imembakia kidogo tu. "Wasiiuze klabu, Ewald. Ukiwa hai, wasiiuze." Naye akamwitikia.

Ilitakiwa robo tatu ya kura ndipo jambo lipite. Wazee wanaokaa jukwaa la mashariki la uwanja wakishikamana, halipiti. Wiehoff alilijua hilo kama Ewald alivyolijua.

Ukumbini palikuwa na soseji na bia, vyote bure. Roswitha, rafiki wa Irmgard na mwenye kibanda cha bia na magazeti pale mtaani, aliishika sahani yake kana kwamba amepewa na mchawi.

"Tangu lini huyu akatoa hata haradali ya bure?"

"Wewe kula," Ewald akamwambia. "Kula siyo kumpigia kura."

"Ninakula, shemeji. Lakini ninatafuna polepole."

Wiehoff akapanda jukwaani akaongea kwa upole, kama daktari anayekuja kukuambia mguu utakatwa. Bila fedha hizi, alisema, mwezi wa kwanza atalazimika kumuuza Tolga. Tolga alikuwa winga wao wa kushoto, mwana wa mwoka mikate wa mtaa wa stesheni, na hakuna mtu mle ndani ambaye hakuwahi kununua mkate kwa baba yake.

"Anatutisha kwa mtoto wetu wenyewe," Roswitha akanong'ona.

Ratiba ilisema watatunukiwa wakongwe, kisha chakula chenyewe, kisha kura. Basi wakaitwa wenye miaka hamsini ya uanachama na zaidi. Ewald alidhani atainuka, apokee beji yake, akae. Lakini Wiehoff alishuka mwenyewe mpaka kwenye kiti chake, akiwa na vikasha viwili.

"Mzee Schimanek, hii ni yako. Na hii ni ya marehemu mama. Naye angetimiza hamsini mwaka huu, hatukumsahau."

Beji ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na nyuma yake jina la Irmgard lilikuwa limechongwa, herufi zote zipo. Tangu mazishi hakuna mkubwa yeyote aliyekuwa amelitaja jina hilo mbele yake. Ewald akalipapasa kwa kidole gumba.

"Picha tutaipigia nje, wazee wangu," Wiehoff akasema, "mbele ya jukwaa la mashariki. Humu taa ni mbaya."

Roswitha akamshika Ewald mkono wa koti. "Usitoke, shemeji. Kaa hapa."

"Tunarudi sasa hivi. Kura ni baada ya chakula. Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

Ewald akautoa mkono wake taratibu, akawafuata wenzake.

Nje baridi ilikuwa inauma. Mpiga picha aliwapanga, warefu nyuma, wa viti vya magurudumu mbele, halafu akawapangua akawapanga upya. Aliwaambia wavue kofia. Aliwaambia wasogeleane. Ewald aliibandika beji ya Irmgard kando ya yake, akasimama katikati, chini kidogo ya kiti alichokuwa anakalia mkewe kila Jumamosi. Alipoambiwa acheke, alicheka kwelikweli.

Mara makofi yakasikika kutoka ukumbini.

"Wanamshangilia nani?" akauliza mmoja wa wazee.

Walirudi kwa haraka ile ya wazee, kila mtu na goti lake. Mlango ulikuwa umefungwa, na kijana wa ulinzi amesimama mbele yake.

"Kura inapigwa, babu. Nimeambiwa nisifungue."

"Mimi ni mwanachama tangu baba yako anaburutwa mkono kwenda shule."

"Najua, babu. Nimeambiwa tu."

Kumbe mtu wa Wiehoff alisimama akaomba kura ipigwe kabla ya chakula, mikono ikanyooshwa, ombi likapita. Yote kwa kanuni. Robo tatu ilipatikana kwa upenyo mwembamba, na wazee waliokuwa nje wangeuziba mara mbili. Roswitha alipotoka aliitazama ile beji kifuani, kisha akatazama pembeni.

Siku ya mwisho ya usajili wa mwezi wa kwanza, Tolga aliuzwa Uingereza. Ikajulikana kwamba wanachama kweli walibaki na kura nyingi, ila mkataba uliwapa watu wa Luksemburgi neno la mwisho katika kuuza wachezaji. Jumamosi iliyofuata Hüllbeck ilifungwa nyumbani, na upande wa kushoto hakuna aliyekimbia.

Baada ya mechi Ewald alipita kibandani. Jarida la klabu lilikuwa limetundikwa dirishani, na picha ile imejaa ukurasa wa mbele. Juu yake waliandika: WAKONGWE WAIBARIKI ENZI MPYA. Yeye ndiye alikuwa katikati, anacheka.

"Umetoka vizuri, mzee," akasema mlevi mmoja aliyeegemea kaunta. "Kama bwana harusi."

"Wezi," Ewald akasema. "Wiehoff mwizi, na waliomfundisha ni wezi. Wametuua wakiwa wamevaa tai."

"Ni wezi, shemeji," Roswitha akasema, akimfungulia chupa. "Hilo hatubishani. Lakini wakati wanaiba, wewe ulikuwa wapi?"

Ewald aliishika chupa bila kuinywa.

"Nilikuwa napigwa picha."

Kila baada ya mechi alikuwa na desturi ya kupitia makaburini, kumpelekea Irmgard matokeo. Jumamosi hiyo alipofika kwenye lango aligeuza skafu ndani nje, akavuka barabara, akapita upande wa pili, uso ameuelekeza ukutani.