Injini Iliyounguzwa Uani

Watu wengine wakiunguza injini ya boti huiunguzia majini, kazini, kwa bahati mbaya. Profesa aliiunguzia nchi kavu, uani kwa mama yake, tena akiwa amevaa shati lake la kutokea.

Hakuwa profesa wa kitu chochote. Jina alipewa mtaani kwa sababu ya domo lake, naye akalipokea kama cheo. Injini pia haikuwa yake. Ilikuwa ya mke wa mdogo wake, mwanamke aliyekuwa akivusha watu mtoni tangu daraja livunjike, na ambaye kila mtu kivukoni alimwita Nahodha, tena bila utani. Siku ile Nahodha aliileta injini nyumbani kuisafisha, akaifunga kwenye stendi ya mbao, akaingia ndani kubadili nguo. Uani kulikuwa na wageni tele. Shemeji yake akaona hapo ndipo pa kujionyesha. Akavuta kamba, injini ikawaka, akaiacha ingurume wageni wapate kusikia.

Injini ya boti hupozwa na maji inayoyanyonya yenyewe kutoka chini. Pale hapakuwa na maji. Pipa lilikuwepo, hatua chache tu, limejaa pomoni, lakini mama mkwe wa Nahodha alikuwa amekataza lisiguswe kwa kuwa yale yalikuwa maji ya wageni kunawa. Nahodha alipotoka mbio na vifungo havijakaa sawa, moshi wa mpira uliochomeka ulikuwa umetanda uani, na injini ilikuwa imekoroma mara ya mwisho na kukwama.

“Hii ilikuwa mbovu kitambo,” Profesa akawaambia wageni. “Mimi nimewaonyesha tu ugonjwa wake.”

Nahodha alitaka kuipeleka kwa fundi wa kivukoni siku hiyo hiyo. Mama mkwe akakataa katakata. Watu watasema nini, aliuliza, wakisikia kifungua mimba wa nyumba hii ameharibu kitu na mtu baki ndiye aliyekitengeneza? Mwanawe angeifufua kwa mikono yake mwenyewe. Mume wa Nahodha alitazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Katika nyumba ile mtoto wa kwanza hakuwahi kukosea hata siku moja. Ni vitu tu vilivyomkosea yeye. Geti alilotengeneza liligonga ukuta kabla halijafunguka nusu, na kosa likawa la ukuta. Bomba aliloweka lilimwaga maji jikoni, na kosa likawa la mvua.

Nahodha akatii kwa heshima ya mama mkwe, na akajidharau kwa kutii kule. Alijua anachopoteza. Kamati ya kivuko ilikuwa imempa hadi mwisho wa mwezi; boti yake isiporudi kwenye foleni, nafasi yake ingekwenda kwa mwingine, na huyo mwingine alikwisha kuanza kumsalimia kwa upole wa kutiliwa shaka. Lakini kurudi na injini ya kubahatisha kulimtisha zaidi. Katikati ya mto mkondo ulivuta kwa nguvu kuelekea nguzo za daraja lililoanguka. Boti iliyozimika pale ni sanduku la mbao tu lenye watu ndani.

Profesa alitandika shuka barazani, shuka la Nahodha, jeupe, na kuanza kufungua. Aliegemeza simu kwenye kikombe akamtazama mtu fulani kwenye video akitengeneza injini ya aina nyingine kabisa. Alipoambiwa hivyo akasema injini zote ni ndugu. Pistoni ilitoka na mikwaruzo iliyoshuka kutoka juu hadi chini, na kuta za silinda zilikuwa vivyo hivyo. Mtu mwenye akili timamu angenunua pistoni mpya na kupeleka silinda ikachongwe upya. Profesa alileta msasa, ule aliokuwa amesugulia milango, akasugua huku anaimba.

Kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji kilikuwa kimeyeyuka na kumeguka mabawa. Hapo tumtendee haki, alinunua kipya. Lakini mabawa ya zamani yamekwenda wapi, hilo hakujiuliza. Nahodha alimweleza taratibu kwamba vipande vile vimesukumwa kwenye njia za maji, na visipotolewa vitaziba, na injini itaungua tena.

Profesa akacheka kile kicheko cha kuchekea watoto. “Shemeji, wewe endesha. Mambo ya ndani tuachie sisi.”

Tangu siku hiyo Nahodha hakumshauri tena. Alimpandisha cheo badala yake. Kila akipita barazani alimwamkia daktari, akauliza kama mgonjwa amekula, kama amelala vizuri, kama jamaa waanze kujiandaa. Mumewe alicheka ndani ya kikombe cha chai. Profesa hakuona dhihaka yoyote. Alijibu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Kazi ilipokwisha, juu ya shuka zilibaki bolti kadhaa, springi moja na kipande cha chuma kilichopinda ambacho hakuna aliyejua kilitoka wapi. Kiwandani huweka vya akiba, Profesa alieleza. Mama mkwe akaafiki, akasema wazungu wana fikra za mbali.

Safari hii pipa liliruhusiwa. Wakaitumbukiza injini, Profesa akavuta kamba mpaka bega likamwuma, na kweli ikawaka. Iliwaka kwa kugonga, kwa moshi mzito, na yale maji yanayopaswa kuruka pembeni kuonyesha kwamba injini inapoa yakatoka kwa kujikakamua, kama mzee chooni. Nahodha aliyatazama maji hayo tu, hakutazama kingine. Profesa alijipiga kifua. Akatangaza mbele ya majirani kwamba kesho yake injini itarudi kazini, na abiria wa kwanza atakuwa mama yake mzazi.

Mama mkwe hakupata hata subira ya kupika. Asubuhi aliwapa watu wote kiporo cha baridi, Profesa akanung'unika kwamba chai nayo ni ya baridi, naye akamwambia jiko ataliwasha wakirudi. Njiani alimsimamisha kila aliyekutana naye akamweleza kwamba anakwenda kupanda injini ya mwanawe. Walipofika kivukoni walikuwa na msafara, na waliokuwa kwenye foleni za boti nyingine wakasogea kutazama.

Nahodha alisimama ukingoni, ameshika kamba ya boti.  Alikuwa amekwisha kuamua kwamba kamba ile haifunguliwi, liwalo na liwe, hata kama atamvunjia mama mkwe heshima mbele ya umati. Maneno yalikuwa mdomoni. Alichosubiri ni mama mkwe akae tu, ili amwambie ashuke.

Profesa alivuta kamba ya injini, akavuta, akavuta tena. Injini ikawaka, ikagonga, ikanyamaza, ikawaka. Akamnyooshea mama yake mkono.

Mama mkwe alipandisha mguu mmoja, akauweka kwenye ukingo wa boti. Hapo akasita. Alitazama kule katikati, maji yalikokuwa yakipasuka meupe kwenye nguzo za daraja. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa amepakaa oili hadi masikioni na kutabasamu. Injini ikagonga. Mguu ukarudi nchi kavu.

“Mwanangu,” alisema, “nimekumbuka kitu. Nimeacha jiko linawaka.”

Hakuna aliyecheka. Jamaa zake wote walijua jiko lile halikuwashwa siku hiyo, na aliyejua zaidi ni Profesa. Mama yake alikwisha kugeuka, anapanda ngazi za kivuko kwa haraka ambayo hajawahi kuwa nayo, mkoba kwapani. Profesa alimfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya vibanda. Injini ikazimika yenyewe, naye hakugusa kamba tena.

 Wale wa foleni wakarudi kwenye mazungumzo yao. Nahodha alikuwa na maneno ya mwezi mzima, aliyoyanoa jikoni, kitandani, barazani, na hii ndiyo siku yake. Alimtazama shemeji yake, na akagundua kwamba yote yamekwisha kusemwa, tena na mtu ambaye Nahodha asingeweza kamwe kumshinda kwa ukatili, kwani mama huyo alimpenda mwanawe.

Profesa alishuka majini, viatu na yote, akaanza kulegeza skrubu za injini.

“Shemeji,” alisema bila kuinua uso. “Yule fundi wako. Amefungua leo?”

“Amefungua.”

“Basi nishikie upande huu.”

Nahodha alimalizia fundo la kamba, akaipangusa mikono yake.

“Hapana, shemeji,” alisema. “Utaibeba mwenyewe.”