Visu Vyenye Pumzi

Saa mbili na robo asubuhi mkaguzi alitandika kitambaa cha kijani juu ya meza yake, akakinyoosha kwa kiganja, akachukua kisu cha kwanza cha siku. Kilikuwa kisu cha kukunja, cha mfukoni, mpini wa mti, ribiti tatu za shaba, bapa lisilozidi kidole cha kati. Karakana ilikuwa ikitengeneza visu vya namna hiyo tangu enzi za babu wa mwenye nayo, bila kubadilisha hata ribiti moja, na walionunua walikuwa watu wasio na makuu: wenye kumenya machungwa, kukata kamba, kuchonga penseli za watoto wao.

Alikitazama kwanza kikiwa kimefungwa, aone kama bapa limelala katikati au limeegemea upande kama mlevi ukutani. Akakiinua dirishani kuona kama mwanga unapenya kati ya springi na mpini. Mahali panapopita mwanga hupita maji pia. Akakifungua akisikiliza. Kisu kizuri hufunguka kwa milio miwili, mmoja nusu ya njia na mwingine mwishoni, yote mikavu. Akalitikisa bapa kwa vidole viwili kuona kama linacheza. Akakata ukanda wa gazeti kwa uzito wa kisu chenyewe, bila kusukuma.

Mwisho alilirudisha bapa mpaka nusu, akakiweka kisu sikioni, akasubiri kipumue.

Vingine vilipumua na vingine havikupumua. Chenye pumzi kilishika makali miaka na miaka, kikapita kwa baba na kufika kwa mjukuu bado kinakata. Kisicho na pumzi kilikuwa chuma tu, kizuri cha kutosha, lakini baada ya msimu mmoja kilianza kutafuna kamba badala ya kuikata. Chenye pumzi aligonga chapa ya nyota mbili. Kisicho nayo, nyota moja. Kibovu kilitupwa kwenye kasha jekundu chini ya meza, na kila Ijumaa kasha hilo lilipelekwa tanuruni.

Pumzi ilitoka kwa wanoaji. Mnoaji huinama juu ya jiwe linalozunguka, uso wake shibiri moja tu kutoka kwenye bapa. Akivuta hewa huvuta vumbi. Akiitoa, huitoa juu ya chuma chenye moto, na chuma kikipoa huwa kimeshaifungia ndani. Hakuna aliyeona ajabu. Kila karakana ina mambo yake.

Mkaguzi walimwita Jicho. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kugonga nyota isiyostahili, wala kumnyima nyota aliyestahili, na jambo hilo lilimpa kichwa kikubwa kidogo, ingawa hakulisema. Aliamini kwamba mtu mwenye fedha kidogo ana haki ya kisu cha kweli. Kisu kikiwa rahisi, alisema, basi kiwe rahisi dukani tu, mkononi kiwe kisu.

Visu bora kuliko vyote vilitoka kwenye jiwe la kaka yake. Huyo walimwita Mluzi, kwa sababu alinoa huku akipiga mluzi, na ukivisikiliza visu vyake katika nusu ya kufunguka, ulisikia pumzi ndefu yenye kipande cha wimbo ndani yake. Ndiye aliyemlea Jicho baada ya wazazi wao kufariki. Ndiye aliyemfundisha kushika kisu, kukisikiliza na kukikataa.

Siku hizi Mluzi hakupiga mluzi. Ngazi za kutoka chumba cha mawe hadi chumba cha ukaguzi zilikuwa kumi na nne, naye alipumzika mara tatu njiani, akijifanya anatazama picha za visu ukutani. Katika chumba cha mawe kulikuwa na feni kubwa ya kufyonza vumbi. Ilikuwa bado kwenye boksi lake. Ilifika miaka sita iliyopita, na kwa kuwa boksi lilikuwa na kimo kizuri, walilitandikia kitambaa na kuweka juu yake birika la chai na vikombe.

Jumanne mchana mke wa Mluzi alikuja na chakula cha mumewe, lakini akapanda kwanza kwa Jicho.

“Wifi, kaka yako kwenye visu mluzi anao,” alisema, akiweka bakuli mezani juu ya kitambaa cha kijani, jambo ambalo hakuna mwingine aliyethubutu. “Nyumbani hata mshumaa hauzimi. Jana ameupuliza mara nne, mwisho nikauzima kwa vidole nikamwambia ni upepo.”

“Nimeona anavyopanda ngazi.”

“Umeona, halafu? Si ndiyo kazi yako, kuona?”

Jicho akasogeza kisu kando ya bakuli.

“Mnoaji akikataliwa makasha matatu wanampeleka wapi?”

“Wanampeleka kwenye kufunga. Kukunja maboksi.”

“Basi mkatalie.”

“Visu vyake havina kosa, wifi.”

“Havina kosa, ndiyo. Mwenye kosa ni mimi niliyeolewa na mtu anayejimaliza kisu kimoja kimoja.” Akachukua bakuli lake. “Baki na nyota zako. Siku akiisha utamgongea ngapi?”

Baada ya wifi yake kushuka, Jicho aliendelea na kazi. Alikagua visu arobaini vya kaka yake na kuvigonga nyota mbili vyote. Cha arobaini na moja alikifungua nusu, akakiweka sikioni. Ndani mlikuwa na wimbo mzima, si kipande. Ulikuwa ule aliokuwa akiupiga Mluzi asubuhi wakati anamfulia sare ya shule, miaka ile walipobaki wawili. Wimbo ukafika mwisho, pakawa kimya kidogo, kisha kisu kikakohoa.

Jicho alikishika mkononi muda mrefu kuliko kawaida. Bapa lilikuwa katikati. Mwanga haukupenya. Akakitupa kwenye kasha jekundu.

Alikitupa na kilichofuata, na kilichofuata hicho. Kufikia Alhamisi makasha matatu yalikuwa yamejaa, na Mluzi akapanda ngazi. Walimsikia tangu ya kwanza, kwa sababu alikuwa na hasira na hasira ilimlia hewa zaidi. Alipofika mlangoni alishika mbao za fremu kwa mikono yote miwili, akatweta, kisha akaja akainama na kuokota kisu.

“Hiki... kina nini?”

“Kinacheza, kaka.”

Akakitikisa. “Kinacheza wapi? Au kinakuchezea... ukiwa peke yako?”

Jicho hakucheka.

“Na hiki?”

“Kimeegemea upande.”

Mluzi akakiinua usawa wa jicho. Bapa lilisimama katikati kama askari. “Nani alikufundisha kushika kisu?”

“Wewe.”

“Nilikufundisha uongo?”

“Hapana. Huo nimejifunza mwenyewe, juzi. Keti kwanza, kaka.”

“Siketi! Mimi? Mimi nikakunje maboksi? Nikalambe gundi?”

“Ukunje maboksi uwe mzima.”

“Mzima wa kukunja maboksi,” alisema Mluzi, kisha ikambidi aketi. Kisu kilikuwa bado mkononi mwake. Kwa mazoea tu alikifungua nusu, akakiweka sikioni, akausikiliza wimbo mpaka mwisho, na uso wake ukalainika kidogo. “Mzuri huyu,” alisema. “Huyu mtu anajua kupiga mluzi.”

Ijumaa ilikuwa siku ya tanuru. Jicho aliyatazama makasha matatu na kuona kwamba hawezi kuyapeleka huko, pumzi za kaka yake ziungue. Akaandika kwenye karatasi kwamba visu vimechukuliwa kwa uchunguzi zaidi, akaweka sahihi, akapakia kasha moja kwenye mkokoteni na mengine mawili akayafungia kabatini.

Jumapili alasiri, nyumbani kwake, walimlaza Mluzi kwenye mkeka chini ya dirisha. Jicho na wifi yake walivipanga visu kumzunguka, sitini na vitatu, kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha wakaanza kuvifungua. Walivifungua nusu, wakangoja kidogo, wakavimalizia. Pumzi zilitoka mojamoja. Pazia likavutika ndani. Karatasi ya kalenda ikainuka na kubaki imeinuka. Harufu ya chumba cha mawe ilijaa, harufu ya maji, chuma na chai, na miluzi mifupi sitini na mitatu ikapita juu ya mkeka, kila mmoja ukitafuta ulikotoka. Mluzi alifumba macho. Kifua chake kikapanda, kikaendelea kupanda, kama godoro linalopigwa jua.

Mabapa yakawa kahawia mbele ya macho yao, yakaota kutu kama visu vilivyokaa kisimani.

“Kimoja nipe,” alisema jirani, aliyekuwa akitazama dirishani. “Nina sufuria imeungua.”

Wakampa viwili.

Jioni hiyo mke wa Mluzi aliwasha mshumaa ingawa umeme ulikuwepo, akauweka upande wa pili wa chumba. Mluzi akauzima kutoka alipokaa. Akauwasha tena. Akauzima tena. Walicheza hivyo mpaka mshumaa ukaisha.

Jumatatu Mluzi alipanda ngazi kumi na nne bila kutazama picha hata moja, akipiga mluzi, na meneja akatoka ofisini kuona ni nani. Meneja alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kumfokea mtu, na alikumbuka majina ya watoto wa kila mfanyakazi. Akamwita Jicho, akamuuliza, naye akamweleza yote, la uongo wa nyota, la makasha, la mkeka. Hakupunguza neno. Meneja aliandika kwenye daftari lake, akitikisa kichwa pale palipostahili.

“Kumbe dawa mnayo wenyewe,” alisema.

“Dawa ni feni, meneja.”

“Feni tutaifunga. Inataka umeme mkubwa, na fundi wake hajapatikana. Unajua mwenyewe.” Akafunika kalamu. “Na kaka yako hatumpeleki kwenye maboksi. Mtu mwenye pumzi kama ile? Itakuwa ufujaji.”

Mchana tangazo lilibandikwa karibu na birika. Kuanzia sasa, kwa kujali afya, kila mnoaji angeruhusiwa kuchukua kasha moja jekundu kwa mwezi, akafungulie visu nyumbani kwake siku ya mapumziko. Makasha mawili ya kabatini yalirudi mezani yakagongwe upya. Uteuzi wa visu vya kukataliwa ungefanywa na mkaguzi. Wafanyakazi walisoma, wakasema ni jambo la maana, wakamimina chai. Boksi la feni lilikuwa limepewa kitambaa kipya, cha maua.

“Na feni?” wifi aliuliza jioni.

“Imevalishwa,” alisema Jicho.

Wifi aligeukia dirisha. Alikuwa akimsikiliza mumewe akipiga mluzi uani, kwa sauti ya juu, kama mtu mwenye akiba.

Mawe yakaendelea kuzunguka. Visu vya Mluzi vilikuwa vizuri kuliko zamani, na watu wa mbali waliandika barua kusema kwamba hawajawahi kupata kisu cha bei ile kinachokata vile, na kwamba wakiwa wanamenya chungwa peke yao husikia kitu kama mluzi, lakini hakiwasumbui. Kwa mwezi alinoa makasha ishirini. Kasha moja lilirudi nyumbani, nalo lilimtosha kupanda ngazi. Mwanzoni alizipanda moja kwa moja. Baada ya miezi mitatu alipumzika mara moja, kwenye picha ya pili.

Asubuhi moja, tarehe sita, Jicho alitandika kitambaa cha kijani, akakinyoosha kwa kiganja. Kisu cha kwanza kilikuwa cha kaka yake. Bapa lilikuwa katikati. Mwanga haukupenya. Kilifunguka kwa milio miwili mikavu, hakikucheza, na gazeti lilikatika kabla hajasikia linakatika. Akakirudisha nusu, akakiweka sikioni. Ulikuwa wimbo mzima, wa sare ya shule, wenye kikohozi mwishoni.

Alitazama chini ya meza. Kasha jekundu la mwezi huo lilikuwa limejaa tangu jana.

Akakigonga nyota mbili, akachukua kingine.